Gurudumu la Nyuma Ni Langu

Sikumwamkia. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo majirani zangu huanzia wakinisema, na mimi sioni haja ya kuwazunguka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ng'ambo. Nilikuwa natoka kwa fundi wa baiskeli, mtoto mgongoni, mikono mitupu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anakuja mbele yangu juu ya baiskeli yake, taratibu, kofia upande, gunia la mahindi kwenye keria. Nikaingia katikati ya njia. Akafunga breki, akashusha mguu mmoja chini, akangoja shikamoo yake.

"Ndugu balozi," nikasema, "shuka. Gurudumu la nyuma ni langu."

Watu wakageuka. Muuza kahawa akabaki ameshika birika hewani. Balozi akacheka, kile kicheko cha mtu mkubwa anayekupa nafasi ya kujirudi.

"Mama, jua limekupata? Hebu mfunike mtoto."

"Mtoto amefunikwa. Shuka."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na mtu aliyekalia gurudumu langu."

Sikuwa nabahatisha. Pale spoku zote zinapokutana, kwenye kitovu cha gurudumu, kulikuwa na kikanda cheusi cha ngozi. Wenye baiskeli wote wanakifahamu: unakifunga kwa ulegevu, kinacheza kila gurudumu likizunguka, kinafuta vumbi chenyewe. Wengi hukikata kwenye mkanda wa suruali. Mimi nilikikata kwenye kiatu changu cha shule, kiatu nilichomalizia kidato cha nne, na matundu ya kufungia yalikuwa bado yapo. Matatu. La mwisho limechanika. Niliinama njiani pale, mtoto akateleza kidogo mgongoni, nikayahesabu kwa kidole mbele ya watu.

"Hiki ni kiatu changu," nikamwambia.

"Fundi ameniazima," akasema. Hakucheka tena. "Kamuulize fundi. Mimi nina mkutano."

Akajisukuma, akapanda, akanipita. Gunia likayumba. Niliona jinsi ringi ilivyokuwa ikicheza kushoto na kulia chini ya uzito ule, na kila ilipogusa fremu ilitoa mlio mmoja mkavu. Nikapiga kelele:

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Neno hilo likisikika Ng'ambo watu hukimbia na mawe. Siku hiyo hakuna aliyekimbia. Walimtazama balozi akienda zake, halafu wakanitazama mimi, na mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua dagaa akasema kwa sauti ya kutosha, "Hawa waliosoma hawa."

Sasa niseme kwa nini mtu mzima na akili zake apige kelele njiani kwa ajili ya gurudumu.

Mimi nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini. Tulikuwa tunakaa Ipuli: mimi, mtoto wangu wa kike wa miezi mitano, na mama mkwe. Baba mtoto alikuwa mtu wa reli, leo Kigoma kesho Dar es Salaam, na nyumbani alikuja kama mgeni wa siku mbili. Mezani kwa mkubwa wetu wa ofisi kulikuwa na kitabu cha mahudhurio. Ikifika saa moja na dakika arobaini alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Ukisaini juu ya mstari umewahi. Ukisaini chini yake, jina lako linabaki pale mpaka jioni kama nguo ya ndani iliyosahaulika kambani, kila anayeingia analisoma.

Nilikuwa pia na saa moja ya kwenda kunyonyesha. Nilipewa kwa barua yenye muhuri. Saa moja! Kutoka ofisini hadi Ipuli kwa miguu, mwendo wa kukimbizana, ni dakika hamsini. Aliyeiandika barua ile hakuwahi kunyonyesha, na nadhani hakuwahi kutembea.

Wanyamwezi tunasifiwa kwa miguu. Shuleni tulisomeshwa jinsi babu zetu walivyobeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na mwalimu alijivuna kana kwamba alibeba yeye. Bibi yangu ndiye aliyeniongezea ambacho kitabu kilikiruka: wanawake nao walikuwemo, vyungu kichwani, mtoto mgongoni. Lakini msafara, alisema bibi, ulitua jua likipanda. Mama akakaa chini, akamtoa mtoto mgongoni, akanyonyesha. Ofisi yetu haikuwa inatua.

Nilifanya nilichoweza. Alfajiri nilikamua maziwa yangu kikombeni, nikayafunika, na ikifika saa tano joto la Tabora lilikuwa limekwisha kuyaharibu. Maziwa ya ng'ombe mtoto aliyatapika. Ya kopo hayakuonekana madukani, na yalipoonekana yalikuwa yamekwisha kabla foleni haijasogea. Kwenye kadi ya kliniki nukta za uzito zilipanda vizuri miezi mitatu, halafu zikalala, halafu ya mwisho ikaenda chini. Nesi akanitazama juu ya kadi.

"Mama, huyu unamnyonyesha kweli?"

Matiti yalikuwa yamejaa mpaka gauni limelowa. Nilitaka kumzaba kofi. Nikasema, "Ndiyo, dada," nikaondoka.

Kuacha kazi? Mshahara wa reli ulitosha kula, na mimi sikusoma ili nije kukaa barazani nikichambua mchele. Nasema ukweli. Nilitaka kazi na nilitaka mtoto anone, vyote viwili. Kati ya vyote viwili kulikuwa na njia, na njia dawa yake ni baiskeli.

Baiskeli mpya ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji miezi. Mjomba wangu wa Lusu, kule Nzega, ndiye aliyeleta habari za mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na baiskeli ya zamani, ya Kiingereza, na alikuwa anahama. Watu wa vitongoji vya kule walikuwa wanahamia kijiji kipya, nyumba zikibomolewa, kila mtu anapunguza vitu. Nikapanda basi Jumapili na redio ya mume wangu nimeifunga kwenye khanga.

Mwalimu alinipokea kwenye ua uliokuwa tayari hauna mlango.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia Kinyamwezi. Nikaitikia. Akaniongoza jikoni, akanionyesha juu. Baiskeli ilikuwa inaning'inia darini kwa kamba, nyeusi kwa masizi ya miaka sijui mingapi. Kwenye kiti panya walikuwa wamefanya kiota.

"Ni ya kiume hii," akasema. "Ina bomba juu."

"Haitaniuliza."

"Unajua kupanda?"

"Nitajua."

Akaitazama redio. "Hiyo inashika?"

"Inashika Dar es Salaam bila kupigwa."

"Huko tunakokwenda," akasema, "nasikia hata habari itabidi tuzifuate kwa miguu." Akaifungua redio, akasikiliza mpaka mwisho wa taarifa ya habari, mimi nimesimama. Halafu akakata kamba. Tukabadilishana hivyo hivyo, kitu kwa kitu, mjomba akiwa shahidi.

Baba mtoto alipopata habari aliandika mstari mmoja kutoka Kigoma: "Nasikia redio yangu imekuwa baiskeli." Nilimjibu kwa kadi ya kliniki. Niliinakili nukta kwa nukta, sikuongeza neno. Barua iliyofuata haikuitaja redio.

Niliitengeneza mwenyewe, uani, jioni baada ya kazi kabla jua halijazama, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Majivu na mchanga kwa kutu. Mafuta ya taa kwa mnyororo, niliouloweka kwenye kopo siku mbili ukatoa uchafu kama lami. Pedeli moja ilikuwa imebaki chuma kitupu. Nikachonga vipande viwili vya mbao ya mninga nikavifunga kwa waya. Tairi la nyuma lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, na tairi jipya lilikuwa la watu wenye kibali, kwa hiyo nikakata kipande cha tairi kuukuu nikakilaza ndani kama kiraka. Kila spoku niliisugua peke yake. Usiku vidole vilinuka mafuta ya taa hata baada ya sabuni, na mtoto alikuwa anaukunja uso kabla ya kushika titi.

Gololi za kitovu nilizitoa zote nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Nilipogeuka, moja haipo, na kuku wa mama mkwe amesimama pale anameza.

"Mama, kuku wako amekula gololi yangu."

"Huyo ni kuku wa mayai," mama mkwe akasema bila kuinua macho kwenye mchele wake. "Ngoja. Itatoka."

Haikutoka. Nilifunga gurudumu na gololi pungufu, na kuku yule aliishi vizuri kuliko sisi wote.

Kuhusu kupanda, nitasema tu kwamba nilijifunza wiki moja kwenye uwanja wa shule watoto wakiwa wameondoka, na goti langu la kulia lina alama. Kuhusu watu, walisema. Mwanamke wa Ipuli juu ya baiskeli ya kiume, gauni limekunjwa, khanga imefungwa kiunoni! "Mama, umeolewa mara ya pili?" "Mumeo yuko juu ya chuma na wewe uko juu ya chuma, mtoto mtazaa reli!" Huyo wa mwisho alinichekesha mpaka nikakaribia kuanguka. Nilikuwa nahesabu dakika. Kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi. Mtoto alinyonya dakika ishirini nzima, titi hili na lile, ameshika kidole changu kwa mkono wote. Siku kumi na moja nilisaini juu ya mstari. Siku kumi na moja! Na kliniki ile nukta ikapanda, kidogo, upana wa ncha ya kalamu, lakini ikapanda.

Siku ya kumi na mbili niliingia kwenye shimo pale njia inapokata reli, na ringi ya nyuma ikapinda.

Kunyoosha ringi si kazi ya majivu na mafuta ya taa. Unakaza spoku hii, unalegeza ile, gurudumu likizunguka, na jicho lazima lizoee. Nikaikokota baiskeli mpaka Ng'ambo kwa fundi ambaye kila mtu alimtaja. Alikuwa mzee wa mji, kanzu safi hata kazini, na kiwanja chake kilikuwa ni cha baba yake na babu yake. Babu, alisema yeye mwenyewe, alikuwa akitengeneza kufuli na majambia ya watu wa misafara walipokuwa wakikaa Tabora miezi wakingoja wapagazi. Nikamwamkia. Nikamweleza.

"Siku mbili, binti yangu," akasema. Akazungusha gurudumu kwa kidole, akasifu usafi wa spoku. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Una haraka?"

Na mimi nikajibu, "Hapana, baba. Sina haraka."

Ninyi mliolelewa kwingine mtaniona mjinga. Kwetu, mzee akikuuliza una haraka, jibu ni moja. Ni kama kuulizwa umeshindaje ukasema salama wakati una homa. Humwambii mzee mwenye kanzu kwamba unamharakisha. Nilijibu kwa adabu niliyofundishwa na mama yangu, na adabu hiyo ndiyo iliyoninyima gurudumu.

Baada ya siku mbili: "Njoo kesho, binti yangu." Baada ya hiyo kesho: "Inshallah Alhamisi." Mtoto akarudi kwenye uji mwembamba wa mama mkwe na kutapika. Mimi nikarudi kwenye miguu. Mara ya kwanza chini ya mstari mwekundu, onyo la mdomo. Mara ya pili, barua. Ijumaa mara ya tatu, na mkubwa wetu aliniita akafunga mlango, akaongea kama mtu anayesoma: Jumatatu nikisaini tena chini ya mstari, nisikae, nije moja kwa moja kwake kuchukua barua ya mwisho.

Ndiyo sababu Jumamosi ile nilikwenda kwa fundi mapema.

"Shikamoo baba. Nimefuata baiskeli."

"Marahaba. Ipo. Ile pale, nimeitundika isiguse vumbi."

Nikaitazama. "Ina gurudumu moja."

"La pili limetoka kidogo."

"Limetoka kwenda wapi?"

"Limetoka na mwenye haraka." Alikuwa anapuliza tyubu kwenye karai la maji, anatafuta viputo, hakuniangalia. "La kwake lilivunjika kabisa, na ana kazi za taifa. Litarudi. Hapa kwangu vitu havipotei, mwanangu, vinatembea. Leo chako kinamsaidia yule, kesho cha yule kinakusaidia wewe. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo alivyofanya babu. Ndiyo maana namuuliza kila mtu: una haraka?"

"Baba, nina mtoto ananyonya."

"Uliniambia huna haraka." Sasa akaniangalia, na nilichokiona usoni mwake ni mshangao. Hakuwa mwongo. Alikuwa ameniuliza, nami nilikuwa nimejibu, na kwake mambo yalikuwa yamekwisha hapo. "Na gari moshi la mumeo lipo. Baiskeli ya mwanamke ina safari gani?"

Nikageuka, nikatoka na mtoto wangu. Hatua thelathini mbele nikakutana na balozi. Mengine nimekwisha kuyasema.

Mchana ule mama mkwe alikuwa amesikia kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Umemwita balozi mwizi. Na hukumwamkia."

"Ndiyo, mama."

"Mgao wa sukari anaandika nani? Majina ya khanga anaandika nani? Barua ya kusafiri anaandika nani?" Akampokea mtoto mgongoni kwangu. "Kesho asubuhi utakwenda kumwomba radhi."

"Kesho asubuhi nitakwenda," nikasema. Sikusema kufanya nini.

Nikakaa na karatasi. Masijala inakufundisha jambo moja: maneno yanayosemwa njiani hayana faili. Barua ina faili. Nikaandika malalamiko kwa Baraza la Usuluhishi, nikayanakili mara mbili kwa mkono. Ila kulikuwa na utaratibu, na mimi kama karani niliujua vizuri kuliko mtu yeyote: barua ya mwananchi kwenda barazani hupitia kwa balozi wake, asaini kwamba ameiona. Bila sahihi yake karani wa baraza hata haipokei. Ningekuwa mimi nisingeipokea.

Jumapili nikaenda nyumbani kwa balozi na mtoto. Alikuwa kibarazani anawaandikia watu barua zao, watu wanne kwenye benchi. Baiskeli imeegemea ukuta, kikanda changu kimelala kwenye kitovu chake. Nikamwamkia safari hii. Akaitikia kwa kiburi, akijua nimekuja kupiga magoti. Nikampa karatasi.

Alisoma midomo ikicheza. Akafika katikati, akarudi mwanzo.

"Unataka nikusainie unishtaki mimi?"

"Sahihi si ya kukubali, ndugu balozi. Ni ya kuona. Umeona?"

Mmoja kwenye benchi akakohoa kuficha kicheko.

"Mimi ningekushtaki wewe," balozi akasema. "Umenitukana hadharani."

"Shtaki. Mimi nitakusainia."

Akaiweka karatasi gotini, akailaza kwa kiganja, akabadilisha sauti. "Sikiliza, mama. Sisi ni jirani. Gurudumu hilo hapo, chukua sasa hivi. Karatasi tunaichana. Yamekwisha."

Nakiri nilitamani. Jumatatu ilikuwa kesho. Nilitazama gurudumu: spoku mbili zimekatika, ringi imepinda kuliko nilivyolipeleka. Nikawaza, nikichukua kimya kimya, fundi atamuuliza mwingine kama ana haraka, na mwingine mwenye adabu atajibu kama mimi. Nikakaa chini kwenye ngazi ya balozi, nikampakata mtoto, nikaanza kumnyonyesha.

"Nangoja sahihi," nikasema.

"Utangoja sana. Na huyo mtoto mwachishe, ale uji kama wenzake. Hafi mtu kwa uji. Mnajidekeza na magauni yenu ya ofisini."

Sikujua mama mkwe alikuwa amenifuata. Alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, na alikuwa amesikia. Balozi alipomwona akainuka haraka, kwa sababu mama mkwe, ingawa ni mdogo wa umbo, alimbeba balozi mgongoni alipokuwa mchanga, na hilo Ipuli nzima inalijua.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakuitikia.

Balozi akadhani hakusikia. "Shikamoo, mama!"

Shikamoo isiyoitikiwa inabaki hewani, mtu amesimama nayo kama mgeni aliyebeba mzigo na hakuna wa kumtua. Wale wanne kwenye benchi wakainamisha vichwa.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Matapishi ya uji wako nayafuta mimi," mama mkwe akasema. "Kila siku, saa tano, saa sita, saa saba. Nayafuta na khanga yangu. Saini."

"Mama, hii karatasi inanishtaki mimi mwanao."

"Nimesikia. Saini, nikuitikie."

Balozi akatafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake muda wote. Akasaini. Mkono wake ulikuwa mzito, kalamu ikatoboa karatasi.

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akasema. "Hujambo?"

Halafu akamwambia atoe gurudumu, naye akatoa, kwa spana yake mwenyewe, mbele ya watu. Hapo hapo nikaongeza kwenye barua spoku zilizokatika, malalamiko ya balozi na shikamoo niliyomlipa, balozi akitazama, na mama mkwe akatia dole gumba. Nililibeba kichwani hadi Ng'ambo. Kwa fundi palikuwa wazi, yeye alipumzika Ijumaa. Nikamwomba baiskeli yangu, nikalifunga gurudumu hapo hapo kiwanjani kwake, mimi mwenyewe, yeye amekaa anatazama na tasbihi mkononi. Aliniuliza kama nataka alinyooshe.

"Leo?"

"Siku mbili."

"Hapana, baba. Asante."

Jumatatu nilipanda na ringi ile iliyopinda. Iligusa fremu kila mzunguko, ko, ko, ko, Ipuli nzima ikasikia nikipita, na nilikanyaga pedeli zile za mninga mpaka mapaja yakatetemeka. Mkubwa wetu alikuwa na rula mkononi. Nikasaini. Wino wangu ulikuwa bado mbichi alipopiga mstari chini yake. Saa tano nilikwenda nikanyonyesha, nikarudi. Saa nane na nusu, kazi ilipokwisha, nikaenda kwenye baraza, nikakabidhi barua, nikadai igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Nakala ninayo. Inasomeka hivi:

Kwa Katibu,
Baraza la Usuluhishi.

Kupitia kwa Balozi wa Nyumba Kumi, Ipuli.

YAH: KUCHUKULIWA GURUDUMU LA NYUMA LA BAISKELI YANGU

Ndugu Katibu,

Mimi ni mkazi wa Ipuli, karani, mama wa mtoto mmoja anayenyonya.

Nilipeleka baiskeli yangu kwa fundi wa Ng'ambo anyooshe ringi ya nyuma. Badala ya kuinyoosha, fundi alilitoa gurudumu zima akamfungia balozi wangu, bila kuniuliza. Balozi alilipokea bila kuuliza ni la nani, akalibebesha gunia. Lilikwenda limepinda, limerudi limepinda zaidi na spoku mbili zimekatika. Alama yake ni kikanda cha ngozi chenye matundu matatu, la mwisho limechanika.

Fundi anajitetea kwamba nilimwambia sina haraka. Ni kweli nilisema. Nilisema kwa adabu, kwa kuwa aliyeuliza ni mzee. Haikuwa ruhusa. Naomba neno hilo lisihesabiwe, kwangu wala kwa mwingine yeyote atakayelisema pale kiwanjani.

Balozi analalamika kwamba nilimwita mwizi na sikumwamkia. Yote mawili ni kweli. La mwizi nalirudisha nusu: hakuiba, alichukua. La kutomwamkia nimelilipa Jumapili.

Ninachoomba:

Fundi ainyooshe ringi bila malipo, nikiwa nimesimama pale, tangu spoku ya kwanza mpaka ya mwisho. Balozi alete spoku mbili. Na baraza liamue kwamba chombo cha mtu kisivuliwe kitu bila mwenyewe kuulizwa kwa maneno yaliyo wazi: je, nikichukue, nimpe fulani?

Shauri hili lisipangwe saa tano asubuhi. Saa hiyo nanyonyesha.

Nina haraka.

Mlalamikaji.

Imeonwa na Balozi wa Nyumba Kumi (sahihi).
Shahidi wa sahihi: mama mkwe wa mlalamikaji (dole gumba).